Majirani wa Lewiston: Kikao cha Jumamosi

Mama Neema, saa 1:10 asubuhi: Ndugu zangu, nawakumbusha kwa mara ya nne kwamba Jumamosi saa tisa alasiri tunakutana kwa Baba Esther. Tarehe 25 Oktoba inakaribia, nasi bado hatujakubaliana nani aitwe pale mtu wetu anapoanza kubadilika na ndani ya nyumba mna bunduki.

Baba Esther, saa 2:45: Mlango uko wazi, Mama Neema. Ila yule aliyeua watu 18 kwa bunduki hapa Lewiston tarehe hiyo mwaka 2023 alikuwa mgonjwa wa akili, na ugonjwa hautibiwi kwa kikao cha majirani.

Mama Neema, saa 2:58: Wagonjwa wa akili wako kila nchi, Baba Esther, na wengi wao hawamdhuru mtu. Marekani ina bunduki nyingi kuliko watu wake. Yule alikuwa askari wa akiba: mwezi wa Mei mwanawe na mama wa mtoto walikwenda kutoa taarifa polisi, Julai akalazwa hospitali wiki mbili, Septemba mwenzake wa jeshini akaandika kwamba anahofia jamaa huyo ataua watu wengi. Polisi walibisha hodi, hakufungua, wakawaachia ndugu zake kazi ya kuzihifadhi silaha. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari.

Shemeji Deo, saa 5:30: Nitafika, mradi Mama Esther apike sombe kama ile ya Pasaka.

Mama Esther, saa 5:34: Sombe ipo, lakini safari hii mchele utaleta wewe.

Shemeji Deo, saa 5:35: Hata wa Pasaka ulikuwa wangu, waulizeni watoto.

Mama Neema, saa 5:41: Tafadhali, mambo ya sombe tuyaweke Ijumaa. Sheria ya zamani ya jimbo letu la Maine ilitaka polisi wamshike mtu kwanza, apimwe na mtaalamu wa afya, ndipo jaji aamue. Novemba 2025 wapiga kura walipitisha sheria inayomruhusu mwanafamilia kwenda mwenyewe mahakamani kuomba silaha ziondolewe kwa muda. Nataka tusome pamoja namna ya kuomba.

Dada Riziki, saa 10:15 alasiri: Wakati wa yale ya Pascal niliandika humu humu kwamba analala na bastola chini ya mto. Niliambiwa nafukua aibu ya watu, na ujumbe wangu ukafutwa. Aliyeufuta ni wewe, Mama Neema.

Mama Neema, saa 10:50: Ni mimi, Riziki. Niliogopa kwamba polisi wakija watampiga risasi mtoto wetu. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki nchini humu hujiua wenyewe, nami nilikuwa nangoja tu.

Mzee Kabongo, saa 2:20 usiku: Wanangu, nimesoma yote. Kule Kivu, Kongo, tuliwakimbia wenye bunduki, tukafika hapa tukakuta zinauzwa dukani kama majembe, tukanyamaza kwa kuwa tulikuwa wageni. Pascal ni mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyemwagiza Mama Neema afute. Riziki alisema kweli, na Jumamosi akae karibu nami. Pascal nitamwomba aje, akipenda.

Dada Riziki, saa 4:02 usiku: Nimesikia, Baba.

Mama Neema, Alhamisi, saa 12:40 asubuhi: Tuko 31 humu na waliothibitisha ni watano. Wengine mnasemaje?

Baba Esther, saa 3:15: Zamu yangu ya Jumamosi imebadilishwa. Labda saa kumi na moja.

Mama Neema, saa 3:16: Saa hiyo giza litakuwa linakaribia, na Mzee haendeshi. Nani atampitia yeye na Pascal?

Shemeji Deo, saa 7:48 mchana: Gari langu liko gereji mpaka Jumatatu.