Binti anatapika kabla ya kila shindano: tumsaidieje?

Mama wa Shangani, Mtwara
Habari zenu, ndugu. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na hukimbia mita 800. Tangu alipochaguliwa katika timu ya wilaya kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, usiku wa kuamkia shindano hapati usingizi, na asubuhi hutapika chochote alichokula. Mazoezini anakimbia vizuri, lakini kwenye mashindano nguvu humwishia mzunguko wa pili. Baba yake anasema ni uoga tu na kwamba atazoea, ila mimi nina hofu kwamba tunamuumiza mtoto.

Mwalimu wa michezo, Nachingwea
Pole sana, dada. Hali hiyo si uoga. Mwili ukihisi kwamba jambo zito liko mbele humwaga adrenalini, yaani homoni ya kuuandaa kukabili hatari, moyo huenda mbio na damu hupungua tumboni, ndiyo maana chakula hakikai. Kiasi chake humsaidia mkimbiaji, lakini ikizidi misuli hukakamaa, naye huondoka kwa kasi ambayo hawezi kuihimili hadi mwisho. Nadhani hapo ndipo binti yako anapoishiwa nguvu. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu kuvuta pumzi kwa pua wakihesabu hadi nne, kisha kuitoa taratibu wakihesabu hadi sita, kwa dakika chache, na hulianza zoezi hilo wiki nyingi kabla ya mashindano, kwa sababu jambo geni siku ya mbio huongeza wasiwasi. Vilevile mpeni lengo analoweza kulitimiza mwenyewe, kama vile kumaliza mzunguko wa kwanza kwa muda mliokubaliana, maana nafasi ya kwanza hutegemea na wenzake. Asubuhi uji mwepesi unatosha.

Muuguzi, Masasi
Kwanza apimwe, isije ikawa ni malaria au vidonda vya tumbo. Baada ya hapo naomba mjiulize jambo ambalo wazazi wengi hulipita haraka: nyumbani anaambiwa nini? Huku kwetu mtoto akichaguliwa mtaa mzima hujua, na neno kama "usituaibishe" hulibeba hadi kwenye mstari wa kuanzia. Mwelezeni baba yake habari za Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, ambaye katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 alijitoa katikati ya fainali ya timu ili kulinda afya yake ya akili na usalama wake, kisha akashinda dhahabu 3 Paris mwaka 2024. Sidhani kama kuna atakayemwita mwoga. Akishindwa, msimchambue njiani mkirudi, bali msubiri aanze mwenyewe. Kukosa usingizi, huzuni, kujitenga au kuuchukia mchezo kukidumu wiki mbili, mpelekeni hospitali, na akitamka kwamba anataka kujidhuru, asilale kabla hajaonwa na daktari.

Mama wa Shangani, Mtwara
Ahsanteni sana. Tutaanzia hospitali ya Ligula kwa vipimo, na baba yake nimemsomea majibu yenu yote. Mwalimu, siku ya mbio zoezi la kupumua lifanyike kabla ya kupasha misuli au baadaye?

Mwalimu wa michezo, Nachingwea
Baadaye, dada, wakati wanasubiri kuitwa, kwa kuwa kipindi hicho cha kukaa bila kazi ndicho hofu hupanda zaidi. Akae na mwenzake anayemzoea, mbali na wanaobishana kuhusu nani atashinda.