Mwanangu ameanza kucheza raga hapa Mwanza: nimwache aendelee au nimzuie?

Mama wa Pasiansi

Salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wa watu wanaoujua mchezo wa raga kwa kuucheza, kuufundisha au kuwatibu wanaoucheza, maana mimi nimeuona kwenye luninga tu. Mwanangu ana miaka 16 na yuko kidato cha tatu. Tangu shule zilipofungwa mwezi wa sita amekuwa akienda kila jioni kwenye uwanja wa vumbi ulio karibu na kwetu, ambako vijana wapatao 20 hufundishwa raga na kijana mmoja aliyejifunza mchezo huo alipokuwa akisoma upande wa Kenya. Nilidhani ni mambo ya likizo yatakayokwisha shule zikifunguliwa, mpaka siku aliporudi sikio la kushoto limevimba kama andazi, naye anacheka na kuniambia kwamba hiyo ndiyo alama ya mchezaji wa mstari wa mbele.

Nilimpeleka zahanati, wakaitoa damu iliyokuwa imejikusanya, uvimbe ukapungua. Sikio si kitu. Ninachohofia ni shingo na kichwa. Nimesikia kwamba huko Ulaya wapo wachezaji wanaopoteza kumbukumbu kabla ya uzee, na sijui kama ni kweli au ni chumvi za mitandaoni. Baba yake naye ana lake. Anasema raga ni mchezo wa walevi wa klabu ya Gymkhana, na kwamba kijana akitaka kusukumana aende Mwaloni Kirumba akashushe magunia ya dagaa, kwa sababu huko angalau atalipwa jioni ileile. Kijana anamjibu kwamba Kenya kuna watu wanaoishi kwa raga. Je, ni kweli wanaishi? Na kwa mtoto aliye Mwanza, ambako watu wakitaja mpira wanamaanisha soka ya Pamba, mchezo huu una njia yoyote ya mbele, au tunamwacha apoteze muda wa kusoma?

Mtibaviungo

Shikamoo mama. Mimi ni mtaalamu wa tibaviungo hapa jijini na nimewahi kukaa pembeni ya uwanja wa raga kutoa huduma ya kwanza, kwa hiyo nitajibu upande wa afya na mengine nitawaachia wenyewe.

Habari ya kupoteza kumbukumbu ni ya kweli. Steve Thompson, aliyekuwa katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003, alitangaza Desemba 2020 kwamba amegundulika kuwa na ugonjwa wa kusahau akiwa na miaka 42, na kwamba haikumbuki fainali ile aliyoicheza mwenyewe. Hata hivyo, mtu kama huyo amegongana na wenzake kwa miaka mingi, mazoezini na mechini, wiki baada ya wiki. Hatari ya kijana wa miaka 16 ni nyingine, na kwangu mimi ndiyo ya haraka zaidi: agongwe kichwa leo, aachwe aendelee kucheza, kisha agongwe tena kabla ubongo haujapona. Mwaka 2011 mvulana wa miaka 14 huko Ireland Kaskazini, Ben Robinson, alifariki baada ya kugongwa zaidi ya mara moja katika mechi ya shule na kuachwa uwanjani. Mwaka 2013 huko Kanada alifariki binti wa miaka 17, Rowan Stringer, katika hali inayofanana na hiyo, na mwaka 2018 jimbo la Ontario likatunga sheria inayobeba jina lake.

Mtikisiko wa ubongo si lazima umfanye mtu azirai, na hapo ndipo makocha wengi wanapokosea. Kijana mmoja niliyemhudumia aliketi juu ya tofali pembeni ya uwanja, akaniuliza matokeo. Nikamwambia. Akafungua chupa ya maji, akanywa mafunda mawili, akaniuliza matokeo. Hakuwa na jeraha hata moja mwilini, na kocha wake alikuwa akimpungia mkono arudi ndani. Kanuni ya shirikisho la raga duniani ni fupi: ukimshuku tu, mtoe, na siku hiyo harudi. Kwa wachezaji wa mitaani na wa shule, harudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na mazoezi ya kugongana hayaanzi mpaka awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote. Akitapika mara kwa mara, au kichwa kikizidi kumuuma badala ya kutulia, ni hospitali moja kwa moja.

Shingo huumia kwenye skramu, yaani pale wachezaji wanane wa kila upande wanapofungana mabega na kusukumana, na huumia pia mtu anapomkaba mwenzake, yaani kumdaka na kumwangusha, akiwa ameinamisha kichwa. Kwa walio chini ya miaka 19 hairuhusiwi kusukuma zaidi ya mita 1.5, na timu isiyo na watu waliofundishwa kucheza mstari wa mbele hufunga skramu bila kusukumana kabisa. Muulize kocha wake kama analijua hilo. Kijana akilala chini na kulalamikia shingo, asivutwe mkono ainuke, wala asipakizwe kwenye bodaboda kupelekwa hospitali ya Bugando. Alale palepale, kichwa kishikwe kisitikisike, mpaka wenye ujuzi wafike.

Lipo na jambo letu sisi watu wa ziwani, ambalo kocha aliyejifunza kwa video za Ulaya hawezi kulifikiria. Kichocho cha tumbo kipo katika mwambao huu, malaria pia ipo, na vyote viwili huweza kuvimbisha bandama. Bandama ya kawaida hujificha nyuma ya mbavu. Iliyovimba hutokeza chini yake, na pigo moja la bega linaweza kuipasua, mtu akavujia damu tumboni huku anatembea. Kabla hajarudi uwanjani, mpeleke daktari amguse tumbo, apimwe choo, na kama hajawahi kupimwa selimundu apimwe pia, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi. Mwenye ugonjwa wenyewe asiingie kwenye mchezo wa kugongana bila neno la daktari wake. Aliyerithi kinasaba kimoja tu kwa kawaida hucheza, ila asikimbizwe juani bila maji na mapumziko. Na wakimaliza mazoezi wasikimbilie kujitupa ziwani kuoga, kwa sababu ndiko wanakorudishiwa kichocho kilekile.

Mwisho kuhusu sikio: kofia laini ya skramu itayaokoa masikio, haitauokoa ubongo. Msiuziwe kwa ahadi hiyo.

Namba Nane wa Tarime

Mama, nimezaliwa Tarime, nikasoma na kucheza Kisumu, na sasa nauza vipuri hapa Mwanza. Goti langu la kulia hunitabiria mvua kabla ya wataalamu wa hali ya hewa, kwa hiyo ninayosema si ya kusikia.

Kijana hakudanganyi, ila amekupa nusu ya habari. Raga ya wachezaji 15 ilikuwa mchezo wa ridhaa mpaka Agosti 1995, ndipo malipo yaliporuhusiwa rasmi, na tangu hapo fedha nyingi zimekaa Ufaransa, Uingereza, Japani na kwingine kusiko kwetu. Kenya, timu inayosimama imara ni ile yenye mwajiri nyuma yake: Kabras ya Kakamega inabebwa na kiwanda cha sukari, KCB inabebwa na benki. Nje ya hizo, wengi huamka asubuhi kwenda kazini na jioni ndipo huenda mazoezini. Klabu niliyoichezea mimi ilinipa nauli na sahani ya chakula baada ya mechi, na goti lilipochanika nilijitibia mwenyewe. Hata timu ya taifa ya wachezaji saba, Shujaa, iliyoishinda Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya mashindano ya Singapore mwaka 2016 mpaka tukalia barabarani, ilishushwa daraja katika mashindano hayo ya dunia mwaka 2023 na kurudi mwaka uliofuata. Kama hao wanaporomoka, mwanao asipange maisha juu ya raga peke yake.

Angalia badala yake waliopanga vizuri. Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa Shujaa, hakuuacha usomi kwa ajili ya mpira. Alisomea kemia, na mwaka 2021 akawa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Dennis Ombachi, yule aliyefunga trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani) ya dakika za mwisho dhidi ya Zimbabwe iliyowapeleka Wakenya Olimpiki ya Rio, leo watu wengi wanamjua kwa mapishi yake mtandaoni, na amezungumza waziwazi juu ya ugonjwa wa akili aliopambana nao akiwa mchezaji. Nalitaja hilo kwa makusudi. Katika timu yetu mtu aliyevunjika mkono alitembelewa na kundi zima, lakini aliyevunjika moyo aliambiwa akaze.

Sasa huo ulevi anaousema mzee. Si uongo. Baada ya mechi timu mbili hukaa pamoja, mwenyeji humlisha mgeni, na bia huwa karibu kuliko maji. Lakini kukaa pamoja huko ndiko nilikopata kazi yangu ya kwanza, kupitia mtu niliyekuwa nimemkaba nusu saa kabla yake, na niliokuwa nao wasiokunywa walikunywa soda bila kubughudhiwa na mtu. Kwa watoto wa shule, kocha aseme hakuna pombe, iishie hapo. Jambo moja litamfurahisha mzee: mwamuzi anapotoa uamuzi, anayeruhusiwa kuzungumza naye ni nahodha, tena kwa adabu. Mwambie alinganishe na tunayoyaona kwenye soka uwanja wa Kirumba.

Njia ya mbele ipo, ila ni ya basi. Raga ya Tanzania imekaa zaidi Arusha na Dar es Salaam, kwa hiyo kijana wa Mwanza jirani zake wa kweli wamo kuzunguka ziwa: Kisumu kuna mashindano ya wachezaji saba yaitwayo Dala Sevens, na Jinja kuna timu ya Hippos. Mchezo wa wachezaji saba wenyewe ni dakika saba kila kipindi, skramu yake ni watu watatu kwa watatu, na vijana 20 wa uwanja wenu wanatosha timu mbili. Ningekuwa kocha wao ningeanzia hapo, hayo ya watu 15 yangesubiri.

Mwalimu wa Michezo, Ilemela

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini naona wamejibu kana kwamba uwanja wa vumbi una machela, mtoa huduma ya kwanza na mwamuzi mwenye mafunzo. Hauna. Afrika Kusini tangu mwaka 2009 wana mpango wa BokSmart, ambao kocha na mwamuzi hulazimika kuupitia kila baada ya miaka miwili ndipo wasimamie mechi. Sisi tuna kijana mwenye kipenga na nia njema. Ushauri wangu ni kwamba wacheze raga ya utepe, ambayo kumnyang'anya mpinzani utepe wa kiunoni huhesabiwa badala ya kumwangusha. Watajifunza kukimbia, kupasia nyuma na kupanga mstari, na hakuna shingo itakayovunjika. Kukabana kusubiri mpaka apatikane mtu mwenye cheti.

Binti wa Malimbe

Mwalimu, mimi nacheza hiyo ya utepe pale chuoni, na ninakubaliana nawe nusu. Mtu asiyefundishwa kuanguka akiwa mdogo huanguka vibaya akiwa mkubwa, kwa hiyo kukaba kufundishwe polepole, kwa magoti, kwenye majani, bila kasi. Nyongeza ndogo kwa mama: kama una binti, usimfungie ndani. Timu ya wanawake ya Kenya ilikwenda Olimpiki ya Rio na ya Tokyo, na sisi huku bado tunaulizwa nani atatuoa tukiwa na mabega haya.

Mtibaviungo

Mwalimu ana hoja na sitaibishia. Nitamwongezea swali moja tu ambalo mzazi yeyote anaweza kulibeba mpaka uwanjani: mchezaji akigongwa, ni nani mwenye mamlaka ya kumtoa, na je, mtu huyo ana haja ya kushinda mechi? Jibu likiwa ni kocha peke yake, atafutwe mwingine.

Mama wa Pasiansi

Nawashukuru sana, nimewasoma wote zaidi ya mara moja, na nimeona niwape mrejesho.

Tulikwenda hospitali. Bandama iko salama, selimundu hana, ila kichocho alikuwa nacho na amepewa dawa. Daktari aliuliza wenzake wanaogea wapi, kijana akanyamaza, nikajua. Ijumaa nikaenda uwanjani mwenyewe. Kocha ni mpole kuliko nilivyomfikiria. Nilipomuuliza habari ya mita 1.5 alinitazama kwa mshangao, akakiri kwamba wamekuwa wakisukumana mpaka mmoja aanguke. Tumekubaliana kwamba skramu isimame kwa sasa, wabaki na utepe siku tatu za wiki na siku moja ya kujifunza kukaba kwenye eneo lenye majani. Lile swali la mtibaviungo nalo nililiuliza. Jirani yetu muuguzi, ambaye mwanawe anacheza hapohapo, amekubali kuwa ndiye mwenye neno la mwisho, na kocha aliwatangazia vijana mbele yetu kwamba dada huyo akisema toka, mtu anatoka.

Baba yake alikuja, akasimama mbali kwenye kivuli cha mwembe kama mtu aliyepita tu. Bado anasema dagaa ni bora. Kijana ameomba aende Kisumu kutazama mashindano na wenzake. Amejibiwa kwamba atakwenda akishamaliza mtihani wa kidato cha nne, na nauli ataitafuta mwenyewe.