Kampuni ya kukusanya madeni imekula hela za wateja wetu, tunaanzia wapi?

Mwenye Biashara
Wakuu habari zenu, naomba mawazo maana hapa tulipo tumekwama. Tuko wafanyabiashara kadhaa eneo moja, wote wadogo, tunauza mali na kutoa huduma kwa mkopo, na kila mtu kwa wakati wake aliipa kampuni moja ya kukusanya madeni orodha ya wateja waliochelewa kulipa. Makubaliano ni wao wakusanye, wakate kamisheni yao, kinachobaki watuingizie. Mwanzoni walileta kweli, vidogo vidogo lakini vilikuja, ndo maana tukaambiana na wengine wakaingia. Baadaye ukipiga simu unaambiwa wadaiwa wamegoma, mara wamehama, mara subiri mwisho wa mwezi, yaani wanatupiga kalenda tu.

Sasa juzi nikamkumbusha mteja mmoja deni lake kwa upole, akanifungulia simu akanionyesha risiti ya hiyo kampuni, kalipa lote kitambo. Nikawaambia wenzangu, nao wakaanza kuulizia kwa wateja wao, habari ni ile ile. Tena wapo waliotishwa kwamba watafungwa, na wakatozwa "gharama za ufuatiliaji" ambazo sisi hatukuagiza wala hatuzijui. Kampuni ukiwabana wanasema hela iko kwenye mchakato.

Maswali yangu: huyu mteja aliyewalipa wao bado namdai au hapana? Tuwashtaki pamoja au kila mtu na lake? Na kuna mwenzetu anataka tuwaanike mtandaoni leo leo, hilo mnalionaje?

Karani wa Mikataba
Pole sana mkuu. Naanza na la mteja maana ndo linaloharibu biashara haraka kuliko hela yenyewe. Aliyelipa ameshalipa. Hiyo kampuni ni wakala wako, ulimtuma wewe, kwa hiyo hela ikifika mkononi mwake kwa kawaida sheria inaihesabu kama imefika kwako, hata kama wakala ameila. Usimdai mara ya pili. Mwandikie kabisa kwamba deni lake limefungwa, ugomvi wako ubaki na kampuni. Isipokuwa uangalie mkataba kwanza, kama uliwauzia deni moja kwa moja badala ya kuwatuma kukusanya basi hesabu ni nyingine, lakini kwa ulivyoeleza kamisheni hapo juu inaonekana mliwatuma.

La pili ni kuwavua mamlaka kwa maandishi, na hapa watu wengi wanakosea mpangilio. Wanaandika barua kwa kampuni, wanakaa wanasubiri majibu, na kampuni ikishajua mambo yameharibika inatumia hizo siku kuwakimbilia wadaiwa waliobaki na kuchukua chochote kilichopo. Na mdaiwa ambaye hajaambiwa kwamba wakala amevuliwa mamlaka, akilipa kwa nia njema, sehemu nyingi bado atahesabika amelipa, hasara ni yako. Kwa hiyo barua ya kampuni na taarifa kwa wadaiwa zitoke siku moja, ikiwezekana saa moja.

Kwa wadaiwa usiandike kwamba hao ni wezi. Andika hivi tu: kuanzia tarehe fulani kampuni fulani haina ruhusa ya kupokea malipo kwa niaba yetu, tafadhali tulipe sisi moja kwa moja, na kama ulishawalipa tutumie nakala ya risiti tukufungie deni. Basi. Hiyo sentensi ya mwisho ndo itakuletea ushahidi ambao ungehangaika nao miezi.

Niliyedaiwa Mara Mbili
Naomba niseme kutoka upande wa pili. Mimi nililipa kampuni ya namna hiyo, nikabaki na meseji ya malipo tu, halafu mwenye mali akaja kunidai tena kwa ukali mbele za watu. Nilimwonyesha meseji akasema hiyo haimhusu. Sikurudi kununua kwake tena, na sikumpa ule ushahidi alipokuja kuuomba baadaye wakati anataka kuwashtaki. Mngejua wadaiwa waliolipa wana nguvu kiasi gani kwenye hii kesi yenu mngewafuata kwa heshima kubwa sana. Sisi ndo tunajua tulilipa lini, akaunti ya nani, tuliambiwa maneno gani. Na hao waliotozwa gharama za uongo warudishieni au angalau muwaambie mtawadaia pamoja na zenu, maana machoni mwao ninyi na kampuni ni kitu kimoja, walitishwa kwa jina lenu.

Sauti ya Juu
Mimi naona mnazunguka sana. Piga picha ofisi yao, weka majina ya wakubwa wao, weka namba zao za simu, watu wawajue. Kampuni za hivi zinaogopa aibu tu, mahakama wanajua itachukua muda. Hela italetwa kesho asubuhi.

Karani wa Mikataba
@Sauti ya Juu hasira naielewa lakini hapana. Ukiandika "wezi" kabla hujawa na karatasi mkononi unawapa wao kesi ya kukushtaki wewe kwa kuwachafulia jina, na kuanzia hapo mnaongea habari za posti yako badala ya hela zenu. Kuweka namba za simu za watu binafsi ndo hata usiguse. Mleta mada anachoweza kusema hadharani ni kile anachoweza kukithibitisha mstari kwa mstari: kwamba hawawakilishi tena biashara yake. Wenzake wa biashara awaambie ana kwa ana, hao wana haki ya kujua.

Mhasibu wa Mtaani
Nimefanya hesabu za biashara ndogo muda mrefu na migogoro hii naijua, naomba niongeze upande wa karatasi. Kila mmoja wenu atengeneze jedwali lake: jina la mdaiwa, invoisi namba gani, deni kiasi gani, siku mliyolikabidhi kwa kampuni, siku mdaiwa aliyolipa, alilipa njia gani na akaunti ipi, kiasi kilichowafikia ninyi. Halafu ongezeni safu moja ambayo watu huisahau, nayo ni kampuni iliwaambia nini kuhusu huyo mdaiwa BAADA ya siku aliyolipa. Hapo ndo pana kesi. Kampuni kuchelewesha hela ni jambo moja, watajitetea kwa maneno ya mchakato, mfumo, mhasibu kasafiri. Lakini kama mdaiwa kalipa tarehe 3 na tarehe 20 wamekutumia meseji kwamba mdaiwa amegoma, hiyo meseji hawana pa kuikwepea. Huo ni uongo ulioandikwa na wao wenyewe.

Ndo maana nasema msifute chochote, skrinishoti peke yake haitoshi, tunzeni simu yenyewe yenye meseji, imeili ziacheni zilivyo, na wadaiwa waombeni waandike maelezo mafupi yenye sahihi.

Mkishakuwa na jedwali, ndipo muandike barua ya kudai mahesabu. Wakala yeyote anayepokea hela za mwenzie ana wajibu wa kutoa mahesabu akiombwa, hiyo sio hisani. Daini orodha ya kila malipo waliyopokea kwa jina lenu, kamisheni waliyokata, salio, na waseme hela zimekaa akaunti gani. Hilo la akaunti msiliache. Kampuni safi inaweka hela za wateja kwenye akaunti ya peke yake, haichanganyi na ya mishahara na kodi ya ofisi. Kama walichanganya, na kampuni ikaanguka kesho, mtajikuta mmepanga foleni na wadai wengine wote. Kwa hiyo msiwape muda mrefu wa kujibu, na muulizeni wakili kuhusu amri ya mahakama ya kuzuia akaunti zao zisichomolewe hela. Wengine bado wanaiita Mareva kutokana na kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1975, kwa hiyo mkisikia hilo jina msishtuke. Ina masharti mazito na gharama, haifai kwa deni dogo la mtu mmoja, lakini mkijumlisha ya wote huenda ikafaa.

Mgeni Hapa
Kwani hakuna sheria ya kuwabana wakusanya madeni moja kwa moja? Nasikia Marekani ipo.

Karani wa Mikataba
Ipo, ya mwaka 1977, lakini ile inamlinda mtu binafsi anayedaiwa madeni ya matumizi yake na ya familia, inakataza vitisho na uongo wakati wa kudai. Haikutungwa kumlinda mwenye biashara aliyekuliwa hela na wakala wake, na madeni ya kibiashara haiyagusi. Kwa mleta mada njia ni sheria ya mikataba na uwakala, sheria ya jinai, na mamlaka ya leseni kama nchi yake inawapa leseni hawa watu. Hiyo leseni iangalieni mapema. Sehemu zingine kampuni zinalazimishwa kuweka dhamana ndo zipewe leseni, na aliyedhulumiwa anaweza kudai kwenye hiyo dhamana, sasa mkichelewa wenzenu wataimaliza.

Polisi mtaambiwa "hii ni kesi ya madai nendeni mahakamani", jiandaeni na hilo. Ukienda na hadithi ndefu utarudishwa. Nenda na jedwali la mhasibu hapo juu, onyesha walipokea lini na walidanganya lini, na useme hela ulikabidhiwa mtu akajimilikisha. Nchi nyingi zina kosa la wakala kuiba alichokabidhiwa.

Mwenye Biashara
Nimesoma zote wakuu, mmenifungua macho. Nimechimba mkataba, sio wa kuwauzia deni, ni wa kuwatuma. Lakini kuna kifungu kinasema tukiondoa deni mikononi mwao kabla halijalipwa tunawalipa kamisheni yote. Na jana wamempigia mwenzetu mmoja, yule anayepiga kelele kuliko wote, wanataka kumlipa yeye haraka ila asaini karatasi ya kufunga mjadala.

Mhasibu wa Mtaani
Hapo hapo kwenye hiyo simu ndo muwe makini kuliko kwenye kifungu. Wanamtuliza mwenye sauti ili ninyi wengine mkose mtu wa mbele, na hela atakayopewa huenda ni ya wateja wako wewe. Kaeni leo mkubaliane kwamba hakuna anayesaini karatasi ya siri wala ya kufuta malalamiko kabla wenzake hawajaisoma. Kupokea hela apokee, ni haki yake, ila risiti aandike "sehemu ya malipo" na kiasi kinachobaki. Akisaini "malipo kamili" amejifunga. Na kama ni cheki ya tarehe za mbele asifute kitu kwenye vitabu mpaka benki ilipe.

Karani wa Mikataba
Kifungu hicho kisikutishe. Huondoi deni kwa kupenda, unaukatisha mkataba kwa sababu wao waliuvunja kwanza walipokaa na hela yako na kukudanganya, na barua yako iseme hivyo wazi, itaje angalau malipo mawili matatu yenye risiti. Usiandike tu "nasitisha huduma" maana hapo ndo watakuletea invoisi ya kamisheni.

Kuhusu pamoja au mmoja mmoja: kila mtu ana mkataba wake kwa hiyo kila mtu ana dai lake, na madai madogo nchi nyingi yana mahakama yake ya haraka ambako huhitaji hata wakili. Ila ushahidi changieni, wakili wa kuwaandikia barua awe mmoja, na polisi na kwa mamlaka ya leseni nendeni kundi zima siku moja. Lalamiko la mtu mmoja linaonekana ugomvi wa hesabu, mkifika wengi mna risiti za mtindo mmoja linaonekana ni utaratibu wao wa kazi.

Na yale madeni ambayo kweli bado hayajalipwa msiyasahau humo katikati. Muda wa ukomo, yaani ule ambao ukipita huwezi tena kumshtaki mdaiwa, unaendelea kuhesabika hata kama mlikuwa mmedanganywa, Uingereza kwa mfano deni la mkataba wa kawaida ni miaka 6, kwingine ni pungufu. Angalieni invoisi za zamani kuliko zote kwanza.

Mwenye Biashara
Mwenzetu hajasaini, nimemuwahi. Barua za wadaiwa zinachapwa leo jioni, zitatoka pamoja na ya kampuni kesho asubuhi, na waliotozwa zile gharama tumekubaliana kila mtu aende kwa wateja wake mwenyewe. @Niliyedaiwa Mara Mbili ahsante kwa lile neno. Nitarudi hapa wakijibu.