Kunyoosha orodha zilizo ndani ya orodha: rikasheni au lupu?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wakuu, tuumalize huu ubishi wa wanaofundisha programu huku Kusini. Wapo wanaosema mwanafunzi aanze na rikasheni, yaani funksheni kujiita yenyewe. Wengine wanasema rikasheni ni mtego, apewe lupu, yaani kurudia hatua zilezile, au amri iliyo tayari. Tuchukue kilo za korosho, kila ghala na orodha yake:

`[120, [80, [45, 60]], [], [200]]`

Tunataka zote ziwe kwenye orodha moja iliyonyooka: 120, 80, 45, 60, 200, jumla 505. Mimi nasimama na rikasheni, kwa lugha ya Python:

```
def nyoosha(x):
    for k in x:
        if isinstance(k, list):
            yield from nyoosha(k)
        else:
            yield k
```

Ukikuta orodha, ifungue kwa funksheni ileile (`yield from`). Ukikuta namba, itoe (`yield`). Msimbo umefuata umbo la data, na mwanafunzi anaweza kuufuatilia kwa kidole. Angalizo moja: akisahau `yield from` akaandika `nyoosha(k)` peke yake, anapata 120 tu. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Kilo 385 zimepotea kimyakimya.

Mchangiaji, Masasi

Mkuu, naomba nipinge. Python kwa kawaida inaweka kikomo cha miito 1000 iliyo mmoja ndani ya mwingine. Orodha ikipachikwa kina kuzidi hapo, programu inakufa kwa RecursionError, yaani kosa la kupita kikomo hicho. Kuongeza kikomo kwa `sys.setrecursionlimit` si dawa: ukikipandisha mno, programu nzima inaweza kuanguka bila hata ujumbe wa kosa.

Tumia lupu na rundo lako mwenyewe, yaani orodha ya vitu vinavyosubiri kushughulikiwa. Weka vipengele vyote kwenye rundo, chomoa cha mwisho. Kikiwa orodha, mwaga vilivyomo juu ya rundo. Kikiwa namba, kiandike kwenye matokeo. Rudia mpaka rundo liishe. Kwa mfano wako yatatoka 200, 60, 45, 80, 120, kwa hiyo mwishoni unageuza matokeo mara moja. Wengi wanaukwepa mgeuzo huo kwa kuchomoa cha kwanza badala ya cha mwisho. Hapo kila uchomoaji unasogeza vilivyobaki vyote, na orodha kubwa inakwenda kwa kujikokota.

Mleta mada

Nakubali kuhusu mgeuzo. Lakini kina 1000 kinatoka wapi? Mkoa, wilaya, kata, kijiji, mkulima, mzigo: ngazi sita. Tena data ikija kama JSON (maandishi ya kubebea data) yenye kina cha kupindukia, `json.loads`, amri ya Python ya kuisoma, yenyewe inaweza kugoma kwa RecursionError kabla `nyoosha` haijaitwa. Unamlinda mwanafunzi na hatari inayoweza kuzuiwa mlangoni.

Mchangiaji, Masasi

Hata ikizuiwa, ni kwa JSON tu. Orodha iliyojengwa ndani ya programu haipiti mlango huo, na inaweza hata kujibeba yenyewe: `a.append(a)`. Hapo rikasheni itagonga kikomo. Na lupu yangu, nikiri, itazunguka bila mwisho. Wote tunahitaji kuhesabu kina na kukataa kikizidi, tuseme, 50.

Mchangiaji, Nachingwea

Wa lugha ya JavaScript wana `flat`, amri ya kunyoosha iliyo tayari, tangu toleo la 2019. Wajue tu kwamba `flat()` bila namba inafungua ngazi moja. Kwa ngazi zote ni `flat(Infinity)`. Na anayejiandikia lupu asimwage orodha kubwa kwa `push(...k)`: kila kipengele kinapitishwa kama hoja ya funksheni, na vikifika laki kadhaa unapata kosa la kujaa kwa staki (nafasi ya kuhifadhi miito ya funksheni) hata kama hukutumia rikasheni popote.

Mwalimu, Newala

Ndugu zangu, kosa ninalolihofia zaidi kwa wanaoanza hutokea data ikiwa na maneno, si namba tu. Mtu anaacha kuuliza "je, hii ni orodha?" anauliza "je, hii inazungukika?", yaani inaweza kutoa vilivyomo kimoja kimoja. Neno "Newala" linazungukika, linatoa "N". Na "N" nayo ni neno la herufi moja, inatoa "N" ileile, bila kikomo. Sharti la kusimama halifikiwi kamwe. Kwa hiyo nafundisha rikasheni, lakini sharti la kusimama huandikwa kwanza ubaoni, kabla ya mstari wa kujiita.

Mchangiaji, Lindi

Mnabishana njia, mmesahau kinachopotea. Tazameni ile `[]` katikati. Ni ghala ambalo halijapima. Baada ya kunyoosha, iwe kwa rikasheni, lupu au `flat`, halipo tena, na ile 45 haijulikani imetoka ghala gani. Mkulima akija kuuliza mzigo wake, utamjibu nini?

Mleta mada

Hoja nzito, dada. Basi funksheni ibebe njia, yaani nafasi zilizopitiwa kuanzia nje hadi ndani: `nyoosha(k, njia + [i])`, `i` ikiwa nafasi ya `k`, na itoe jozi ya njia na kilo. Kwa 45 itatoka `[1, 1, 0]`, nafasi zikihesabiwa kuanzia 0. Orodha ikiwa tupu itoe njia yake na `None` (hakuna thamani), si sifuri, maana sifuri ingesema wamepima wakakosa. Ndugu wa Masasi, kwenye rundo lako njia utaibeba vipi?

Mchangiaji, Masasi

Naweka jozi kwenye rundo badala ya kipengele kitupu. Inafanya kazi, ila msimbo unarefuka. Kwa hili la njia, rikasheni inasomeka vizuri zaidi. Kikomo cha kina bado nakidai.