Siku tatu za ndege na matembezi: Amani, Magamba au Uluguru?

Msafiri wa Ubungo
Wakuu, nina Ijumaa hadi Jumapili tu, mwanzoni mwa Septemba. Natoka Dar kwa basi, gari sina. Nakwenda na mama mdogo, miaka 61, miguu yake mizima kuliko yangu ila baridi haipendi kabisa. Mimi natafuta ndege wasiopatikana kwingine, yeye anataka kutembea msituni. Nimebaki na hifadhi mbili za msitu: Amani (Usambara Mashariki) au Magamba (Usambara Magharibi, Lushoto). Nani amefika kote?

Chozi wa Muheza
Nimefika kote. Kwa siku tatu, Amani. Basi la Tanga litawashusha Muheza, hapo mnatafuta gari la kupanda mlimani. Fikeni mapema, mkilikosa ni bodaboda na mizigo mapajani. Laleni Zigi getini, palipokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani, kesho yake mpande kwa miguu. Chini kuna joto, juu kijijini ni karibu mita 900, na ndege wanabadilika njiani.

Mkifika juu msikimbilie njia ndefu. Bustani ya mimea ya mwaka 1902 inatosha asubuhi nzima, shingo tu itauma. Mle nilimwona ndege chozi wa kijani mwenye mkanda mwembamba mwekundu kifuani. Yule ndege mshonaji wa kijivu mwenye mdomo mrefu ni shughuli nyingine: anajificha kwenye mitambaazi pembezoni mwa msitu, utamsikia mara kumi kabla ya kumwona. Chukueni mwongozaji wa hapohapo, anajua kichaka kwa kichaka.

Mshambaa Halisi
Kila mwamba ngoma huvutia kwake, Chozi. Mwambie na hili: Sheppardia montana, kale kandege ka chini ya msitu, duniani kako Usambara Magharibi tu. Amani hakaoni ng'o. Na kama mama mdogo anataka kutembea hasa, Magamba ina njia zinazopita mita 2,000, mbega juu ya kichwa. Basi la Dar linafika Lushoto moja kwa moja.

Dada Kitenge
Linafika, ila kutoka Mombo, chini ya mlima, ni kilomita 33 za kona, abebe ndimu. Halafu baridi! Nilikwenda Julai, nyumba ya wageni imeandika "maji ya moto saa 24". Yalikuwa ya moto ukutani tu. Mama yangu alilala na koti na vitenge viwili. Septemba kuna nafuu, lakini sweta halikwepeki.

Mluguru wa Dar
Mbona mnateseka na mabasi? Treni ya SGR hadi Morogoro ni chini ya saa mbili. Panda mlima wa Uluguru hadi Morningside, na Uluguru ina ndege wake, tiva, asiyeonekana mlima mwingine wowote.

Chozi wa Muheza
Mkuu, Morningside patamu, ila huyo tiva, Malaconotus alius, mtafute Uluguru ya kaskazini, upande wa Tegetero. Anakaa juu kabisa kwenye vilele vya miti. Ukitoa muda wa barabara ile, wikendi imekwisha. Uluguru pia kuna kandege ambako Moreau, yule mtaalamu wa ndege aliyeishi Amani, alikapa jina la mkewe Winifred mwaka 1938. Wengine wake zetu tunawanunulia kanga za kuvaa.

Msafiri wa Ubungo
Hahaa. Basi Amani, Magamba nitakwenda peke yangu na sweta langu. Kiingilio nalipa taslimu?

Dada Kitenge
Hifadhi ni za TFS, wakala wa misitu wa serikali, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu. Weka salio kabla ya kupanda, mtandao huko una siku zake. Mbebe na vitambulisho, raia na mgeni hawalipi sawa.

Mshambaa Halisi
Na mkishuka Jumapili, ondokeni Amani alfajiri. Mkisubiri mwangaza ili muone ndege mmoja zaidi, mtalala Muheza.