Plasta inaanza Jumatatu: taa za nyumba mpya nizipange vipi?

BintiWaKuze

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Nyumba yetu ya Kiembeni, hapa Mombasa, imeshaezekwa na Jumatatu mafundi wanaanza plasta. Ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, choo na bafu, na baraza mbele. Fundi wa stima kaniletea mpango wake: kila chumba taa moja katikati ya dari, na sebuleni taa sita ndogo za kuzama ndani ya jipsamu, nyeupe, zote swichi moja. Nilipomuuliza mbona hivyo, akasema nyumba zote anazofanya ndivyo zilivyo.

Mimi sitaki. Miaka saba tumepanga Tudor, sebule ina taa moja ndefu ya tubu, nyeupe, juu, na ikishawashwa magharibi nyumba inageuka chumba cha kungojea daktari. Mume wangu akirudi kazini hukaa nje barazani mpaka saa 4 usiku, anasema ndani macho yanamuuma. Na isitoshe ile tubu haionyeshi rangi. Mimi nashona madera ya watu jioni. Ramadhani iliyopita nilimshonea mteja dera la buluu iliyokoza kwa uzi mweusi, nikiamini ni buluu. Kulipokucha nikalipeleka mlangoni, nikaona makosa yangu kutoka shingoni hadi chini. Nililifumua lote.

Nyumba ya bibi yangu, mtaa wa Kuze kule Mji wa Kale, ilikuwa na kidaka ukutani na usiku kandili ilikaa mle. Mwanga ulitoka ubavuni, ukagonga chokaa, ukafika mkekani umeshalainika. Nimelala pale utotoni nikisikiliza wakubwa wanazungumza. Mwanga ule ndio ninaoutafuta, ila wa stima, na nyumba ifae kwa kazi pia. Mama yangu, miaka 71, atakaa nasi. Husoma Msahafu baada ya alfajiri, na usiku huamka mara mbili kwenda chooni. Nianzie wapi?

FundiMtopanga

Waleikum salaam dadangu. Kazi ya waya nimeifanya miaka 19 hapa pwani, na umeuliza wakati wake hasa. Paipu za waya zikishafunikwa na plasta, kila taa utakayoongeza ni kuchimba ukuta upya.

Anza na watu, taa zitafuata. Chukua chaki uzunguke nyumba ikiwa tupu. Cherehani itakaa hapa, andika. Mama atakaa pale, andika. Kitanda kitalalia upande gani, jiko la gesi liko wapi. Penye mkono unaofanya kazi na jicho linaloangalia ndipo pa kupeleka waya.

Dukani usiulize wati peke yake. Wati ni stima inayoliwa, mwanga wenyewe hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800, na LED ya wati 8 au 9 inatoa hizo hizo. Ukiiwasha kwa muda wa saa tano kila siku, siku 30, ile ya zamani inakula yuniti 9, hii haifiki yuniti moja na nusu. Kwa hivyo usiogope kuwa na taa nyingi ndogo, tokeni hazitakwisha kwa ajili hiyo.

Halafu soma nambari yenye K kwenye boksi. 2700 au 3000 ni mwanga wa manjano kama wa kandili yenu. 4000 ni mweupe wa wastani. 6500 ni ule mweupe unaoelekea buluu, na nadhani ndio mlionao Tudor. Sebule na vyumba vya kulala weka 2700 au 3000, kote sawasawa, maanake balbu mbili za rangi tofauti chumba kimoja zinakera macho. Kwenye cherehani weka taa yake ya 4000, na boksi liwe na CRI 90 au zaidi. Hiyo CRI ndiyo inayosema rangi itaonekana kama ilivyo mchana. Uzi mweusi na buluu hutavichanganya tena.

Zile sita za jipsamu, mwambie mwenzangu akuonyeshe feni inakaa wapi. Taa ikiwa juu ya mapanga ya feni, kila panga likipita linakata mwanga, na vivuli vinakimbia ukutani usiku kucha. Nimewahi kuitwa nyumba moja kuzihamisha kwa sababu hiyo, jipsamu ikiwa imeshapakwa rangi. Mimi ningeacha mbili tu, na hela iliyobaki iende kwenye taa tatu za ukutani, swichi mbalimbali.

MamaWatatu_Likoni

Hongera mwanangu, Mungu aijaze heri nyumba hiyo. Mimi naongezea ya jikoni. Taa ya katikati ya dari inakuwa nyuma yako ukisimama mezani, kivuli chako kinaangukia ubao wa kukatia. Nimechagua mchele miaka mingi hivyo, na vijiwe vimetuvunja meno. Sasa nimewekewa utepe wa taa chini ya kabati, naona hadi magamba ya samaki yaliyobaki mkiani.

Chumbani, swichi iwe pale mkono unapofika ukiwa ndani ya chandarua. Ukishachomeka neti vizuri halafu utoke kuzima taa mlangoni, mbu wanaingia nawe. Na barazani usiweke nyeupe, wakati wa mvua kumbikumbi watakujaa tele. Ya manjano haiwaiti sana.

FundiMtopanga

Mama amesema kweli. Na hewa yetu ina chumvi: taa za nje na za bafuni zisiwe za chuma cha kupakwa rangi, zinaoza upesi. Chukua plastiki nzuri au shaba, na ziwe na alama ya kinga ya IP44 kwenda juu. Tarakimu ya pili ndiyo ya kuzuia maji.

BintiWaKuze

Shukran sana mama, shukran kaka. Na huyu mama yangu? Ana mtoto wa jicho upande wa kushoto. Nilidhani nimwekee tu balbu kubwa zaidi.

FundiMtopanga

Ni kweli jicho la mzee linataka mwanga mwingi kuliko letu, lakini balbu kubwa iliyo wazi mbele yake itamchoma, na mwenye mtoto wa jicho anaumia zaidi. Mwanga uangukie ukurasa, balbu asiione. Taa ya ukutani yenye kofia, nyuma ya bega lake la kulia. Njia ya chooni weka taa ndogo chini, karibu na kifundo cha mguu, ya manjano, iwake usiku kucha. Wati moja inatosha, anaona sakafu na usingizi haumtoki.

BintiWaKuze

Jana usiku tulikwenda Kiembeni na waya mrefu wa kuazima kwa jirani na balbu ya 2700. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki katika sebule isiyo na plasta, Msahafu mkononi, mume wangu akiishika balbu ndani ya kopo la Blue Band tulilolikata upande. Akaipandisha, akaishusha. Ilipokuwa juu mama alikunja uso. Ilipofika nyuma ya bega akaacha kutusemesha, akaanza kusoma kwa sauti, na tukamwacha amalize ukurasa. Ukuta wa mawe nyuma yake ulikuwa wa rangi ile ile ya kwa bibi.

Nimepiga alama ya chaki hapo, sentimita 125 kutoka sakafuni. Fundi nimeshamwita aje Jumapili na paipu zake.