Sarafu yenye tundu shambani Lanet: ni ya Warumi kweli?

BintiWaLanet:
Wadau, habari za jioni. Kaka yangu alirudi Krismasi kutoka Uingereza na ditekta, ile mashine ya kutafuta metali ardhini, na tangu hapo shamba la mama limekuwa mashimo matupu. Mahindi yalishavunwa, kwa hivyo mama hajasema kitu, ila lile jicho lake nalijua. Kaka amepata misumari, vipande vya seng'enge, vifuniko vya soda debe zima, na juzi sarafu moja ya shaba, kijani kwa kutu, ina tundu katikati. Upande mmoja kuna taji na herufi REX na IMP. Upande wa pili, vitu vimepinda kama pembe. Anaapa ni ya Warumi, eti kule aliona watu wakizitoa mashambani zenye maandishi ya aina hiyo. Jamaa mmoja mjini ameshatangaza bei. Sasa kaka anataka kuhamia upande wa Hyrax Hill, kile kilima cha mabaki ya kale hapa Nakuru. Nimwache?

Otis_Kondele:
Uza haraka kabla serikali haijasikia! Babu yetu alizika debe la rupia Ahero, tumechimba mpaka tukapata kisima 😂

MzeeSarafu_Ksm:
Otis, wacha kupotosha watoto wa wenyewe.

Binti yangu, hiyo ni senti ya Afrika Mashariki ya wakati wa mkoloni, tano au kumi. Hizo pembe ni za ndovu. Sarafu zenyewe mama zetu walizitunga kwenye uzi zisipotee. Mrumi hakutoboa sarafu zake hivyo. Katikati alikaa kaisari, na tundu lingempitia shavuni. Kilichomponza kaka yako ni Kilatini, ambacho Waingereza wanakiandika kwenye pesa zao mpaka leo.

Kule Uingereza, sawa, zimejaa. Warumi walitawala tangu mwaka 43 hadi karibu 410, wanajeshi wakilipwa kwa sarafu, na hali ilipochafuka watu wakafukia akiba. Mwaka 1992, kijijini Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo ya rafiki yake mkulima iliyopotea shambani, akaangukia dhahabu na fedha: sarafu karibu 15,000. Ninachompendea huyo mzee ni kwamba alipoona jambo limekuwa kubwa aliacha kuchimba, akatoa taarifa, na kesho yake wataalamu wakaja kufukua wenyewe. Alilipwa vizuri, akagawana na mwenye nyundo.

Kwetu mambo ni mengine. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inasema kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni mali ya kale, na kikiwa ardhini ni cha serikali, hata kama hati ya shamba ni ya mama. Kuvitafuta ni kwa leseni. Ukikikuta kwa bahati, unatoa taarifa ndani ya siku saba.

Hyrax Hill asikanyage na hiyo mashine kabisa. Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, alianza kuchimba pale 1937, na kati ya vilivyopatikana ni sarafu sita za Kihindi. Zina maana kwa sababu inajulikana zilitoka wapi. Zingeishia mfukoni mwa mtu, nani angejua Mhindi alipitaje Nakuru?

Fundi_Migori:
Mimi natumia ditekta kwa dhahabu. Asiisugue na stiluu wala ndimu, atakwangua herufi zote. Ailoweke kwenye maji ya mvua, kisha mswaki laini. Na mashine yenyewe airekebishe isilie kwa misumari, lakini asipandishe kiwango hicho sana, vitu vidogo vitampita bila mlio.

BintiWaLanet:
Tumeloweka. Limetokea EDWARDVS, na 1936. Jamaa wa mjini sasa anasema ni Kaisari Edward 🙄

MzeeSarafu_Ksm:
Hakuna kaisari wa jina hilo! Huyo ni Edward VIII, mfalme wa Uingereza, hakumaliza hata mwaka kwenye kiti. Desemba 1936 alikiacha amwoe Wallis Simpson. Kwao Uingereza sarafu zenye uso wake hazikutolewa rasmi. Zetu za tundu hazikuhitaji uso, jina lilitosha, ndiyo maana zilitoka. Zilitengenezwa nyingi, kwa hivyo msitarajie kununua ng'ombe. Ila ni ya baada ya 1895, ni yenu kihalali. Huyo jamaa mwambieni haiuzwi, na kaka afukie mashimo kabla ya mvua ya Machi.

Otis_Kondele:
Mzee, na rupia za babu je?

MzeeSarafu_Ksm:
Kwanza zipate.